Yule wa Ng'ambo ya Pili

Mbwa yule alikuwa na majina mengi kuliko meno. Yakup mwoka mikate alimwita Somun, yaani mkate, kwa kuwa rangi yake ilikuwa ile ile ya kitu kilichotoka tanurini sasa hivi. Watoto wa shule walimwita Limon, yaani limau. Müzeyyen wa ghorofa ya chini, mjane wa sajini, alimwita Paşa, cheo cha jemadari, na siku akiamka vizuri alimpigia saluti kabisa, mguu chini pu! Sevim, mshona nguo wa ghorofa ya tatu ya jengo hilo hilo, alimwita Duman. Mtaa wao ulipanda moja ya milima ya Izmir kwa barabara nyembamba ya mawe, na kando ya kila mlango palikuwa na bakuli la maji na sahani ya makombo. Mbwa alikula kwa wote, akalala alipopenda, na hakuna aliyewahi kuuliza ni wa nani.

Mtu mmoja tu hakumpa jina. Huyo ni bibi Nazmiye, mama mkwe wa Sevim, mwenye nyumba ile waliyokaa wote watatu: yeye, mwanawe Rüstem na mkewe huyo Sevim. Bibi alizaliwa huko mashariki milimani, Mshafii wa kushika hasa, akiguswa na mbwa sharti ajioshe mara saba na mara moja iwe kwa udongo. Udongo wenyewe aliuweka tayari kwenye ndoo ndogo roshanini, na ole wake mtu atakayeuchota kupandia maua. Kila siku kabla ya adhuhuri alitia udhu, akavaa koti lake refu, akashuka ngazi kwenda kununua mkate kwa Yakup na kupitia msikiti wa juu kuswali. "Mkate wa nyumba hii nanunua mimi," alisema, na hapo mjadala ulifungwa.

Akitokeza tu mlangoni, aligonga fimbo chini na kutoa ukelele wa kufukuzia mbwa: "Hoşt!" Mbwa akainuka, akavuka barabara, akaenda ng'ambo ya pili. Ungedhani mambo yameishia hapo. Wapi! Bibi alipanda mlima upande huu, mbwa akapanda upande ule. Bibi akisimama kuvuta pumzi, na mbwa alisimama akajifanya ananusa ukuta. Bibi akiingia msikitini, mbwa alijilaza ukingoni ng'ambo mpaka atoke, wakashuka hivyo hivyo, huyu huku, yule kule. Hakuwahi kumgusa hata kwa ncha ya mkia.

Sevim aliyaona hayo yote toka roshanini, alikoweka cherehani yake kufuata mwanga. Na alikuwa na sababu ya kuyatazama. Majira ya baridi yaliyopita bibi alitoka kama kawaida, asirudi. Sevim alishuka na ndala miguuni, akahangaika mtaa mzima roho mkononi, kwa Yakup hayupo, msikitini hayupo. Hakumpata mpaka alipoona mbwa wa manjano amekaa wima mbele ya duka la kufuli, kule chini kabisa ambako hakuna mkate wala msikiti. Akageuza macho ng'ambo. Bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya watu, mkate kifuani, uso umempauka.

"Nilikuwa napumzika," bibi alisema.

"Ndiyo, mama," Sevim akajibu, akamshika mkono wakarudi.

Usiku ule yeye na Rüstem walikubaliana kwa kunong'ona kwamba mama asiambiwe kitu, wala asizuiwe kutoka. Kumfungia ndani kungemmaliza. Na Sevim hakuweza kumsindikiza kila siku, nguo za watu nani ashone? Basi akawa anashona jicho moja kwenye sindano na jingine ng'ambo ya pili ya barabara. Akimwona mbwa, alijua mama yupo. "Mungu akupe heri, Duman," alisema kimoyomoyo, kila siku, na sindano ikaendelea.

Mwaka huo manispaa zilianza kukusanya mbwa wa mitaani. Redioni watu walitukanana wiki nzima, wengine wakiwalilia watoto wao waliong'atwa, wengine wakiwalilia mbwa. Mtaani kwa akina Sevim walisikiliza, wakatikisa vichwa, wakaongeza makombo kwenye sahani.

*

Gari la manispaa lilipanda mlima siku ya gulio, wanawake wote wakiwa nje na vikapu vyao. Wakashuka wanaume wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye masharubu ya mvi, na fimbo ndefu yenye kitanzi mkononi. Mbwa alikuwa amelala juani mbele ya tanuri la mkate. Alinyanyua kichwa akawatazama, akapiga mkia chini mara moja, kama anavyomwamkia kila mtu.

"Huyu ni wa nani?" mzee wa masharubu aliuliza.

"Wetu!" Yakup alitoka mbio, mikono nyeupe kwa unga.

"Wetu, wetu!" Müzeyyen naye akadakia, na watoto, na wenye vikapu, mpaka muuza kabichi ambaye haishi hata mtaa ule.

"Wetu nani?"

"Wa mtaa mzima, baba. Tumemlea tangu akiwa hivi." Müzeyyen alionyesha kwa kiganja. "Amechanjwa, tazama kipini cha sikioni. Hajamng'ata mtu. Huyu ni wetu sote!"

Mzee wa masharubu alishusha pumzi. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshayasikia maneno hayo kila alikopita. "Sikieni, mama zangu. Wetu si jina la mtu. Nipeni jina moja na nyumba moja ambamo atalala. Mwenye jina hilo atamtia kamba, atamwandikisha, na mimi nitageuza gari niende zangu. Nani?"

Jamani, ungewaona watu pale! Yakup alitazama tanuri lake. Mkaguzi wa afya akikuta mbwa humo, duka linafungwa. Müzeyyen akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nina paka." Wenye vikapu wakakumbuka kwamba kabichi zinakwisha. Sevim alifungua kinywa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, kweli, lakini macho yake yakapanda juu mpaka roshani ya ghorofa ya tatu, na pale kwenye kibao aliiona ile ndoo ya udongo. Akafunga kinywa.

Mbwa hakushindana nao. Walimwinua naye akajilegeza. Mlango ulipobamizwa, Müzeyyen alipiga kilio kana kwamba kuna msiba.

"Anayemtaka aje kituoni kabla ya Jumamosi," mzee wa masharubu alisema akipanda garini. "Pamejaa. Jumamosi wanahamishiwa mkoa mwingine, na huko mimi sijui."

Sevim alipanda ngazi na kikapu kitupu. Aliona haya, haya ya kuchoma masikio. Miezi yote hiyo alimwombea mbwa heri kimoyomoyo, na siku ya kutamka kwa mdomo, mdomo wenyewe ukagoma.

*

"Tumchukue," alimwambia mumewe jioni.

Rüstem alikuwa mpeleka maji. Kutwa alipandisha madumu kwenye nyumba za watu, na kila jioni alijinyoosha sakafuni kuusuluhisha mgongo. Akamtazama mkewe toka pale chini. "Na mama?"

"Bila mbwa, mama atatokaje? Siku akipotea tena nitamtafuta kwa alama gani?"

"Mwambie hivyo, uone."

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Wewe ndiye unayekaa naye mchana."

Mwishowe wakakubaliana wafanye kama wafanyavyo waoga wote, waanze na watu wa nje. Rüstem akagonga milango, na majirani wakakusanyika chini penye lango la jengo, wengine wamekaa ngazini, wengine na ndala za chooni. Msimamizi wa jengo alikuwa Cevdet, mhasibu mstaafu, mtu aliyependa kusafisha koo kabla ya kila sentensi.

Sevim alieleza. Mbwa hatapanda juu. Chini ya ngazi kuna stoo ya makaa, na tangu gesi ivutwe haina kazi. Atalala mle. Yeye atafagia, yeye atamlisha.

"Stoo ina baiskeli yangu," Cevdet alisema.

"Baiskeli haina magurudumu, mjomba."

"Yapo. Yako kwa fundi."

"Tangu lini?"

Cevdet alisafisha koo. Müzeyyen akainua mkono kama mtoto darasani. "Mimi nampenda Paşa, mnajua wenyewe. Lakini ndani ya jengo? Manyoya? Na mlango wangu ndio wa kwanza!"

"Dada, leo mchana si ulikuwa unalia?" Rüstem aliuliza.

"Nilikuwa nalia nje."

Watu wakacheka, na Müzeyyen mwenyewe akacheka, halafu akakasirika kwa kuwa amecheka. Kijana wa ghorofa ya pili akasema mkewe ana pumu. Mwingine akasema kila mtu akileta mnyama wake jengo litageuka zizi. Sevim aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja ambaye hakuwa na sahani ya makombo mlangoni.

"Kanuni iko wazi," Cevdet alimaliza. "Mnyama ndani ya jengo, sharti akubali mwenye nyumba, si mkaaji. Mwenye nyumba yenu ni nani?"

Kila mtu alijua. "Mama," Rüstem akasema.

"Amekubali?"

Rüstem alitazama viatu vyake. Mtu mmoja ngazini akapiga kicheko cha puani. "Rüstem, mtu mzima wewe, kichwa kimeshaota mvi, bado unamwogopa mama yako?"

"Angekuwa wako ungemwogopa."

"Basi," Cevdet alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Bibi Nazmiye akitia sahihi kwamba anamtaka mbwa, sisi wote hatuna neno. Au vipi, wenzangu?" Wote wakasema hawana neno, tena kwa moyo mkunjufu, maana walikuwa na hakika hatatia. Sevim alipanda ngazi nyuma ya mumewe huku masikio yanamwaka tena.

*

Kesho yake bibi Nazmiye alitia udhu, akavaa koti, akashuka. Sevim alichungulia toka roshanini. Aliona ushungi mweupe ukitokeza mlangoni, akasikia fimbo ikigonga mawe.

"Hoşt!"

Barabara ilikuwa tupu. Bibi alisimama. Alitazama ng'ambo, akatazama juu, akatazama chini. Halafu akageuka akapanda ngazi tena, akavua koti.

"Mvua itanyesha," alisema. Mbingu ilikuwa safi kabisa.

Siku iliyofuata lilikuwa goti. Ijumaa hakutoa sababu yoyote, alikaa tu kitandani na tasbihi yake, uso ukutani. Sevim hakuona njia nyingine. Alichomoka akaenda dukani, akarudi na mkate wa mfuko wa nailoni, akaukata upesi jikoni ili usijulikane umetoka wapi. Lakini bibi alimega kipande, akakishika mwangani kwenye dirisha.

"Huu mkate wa nani?"

"Wetu, mama. Kula."

"Yakup hajaoka kitu kama hiki hata akiwa na homa. Nauliza, nani kanunua?"

"Mimi."

"Aa." Bibi alikirudisha kipande sahanini taratibu. "Basi ndiyo imeanza. Leo mkate, kesho mtanifungia koti langu kabatini."

"Mama, sivyo—"

"Yule wa ng'ambo yuko wapi?"

Sevim alibaki na kisu mkononi.

"Usinitolee macho, mkwe. Yule mbwa. Yuko wapi?"

Ndipo Sevim akavuta kiti, akakaa, akasema yote. Gari, watu wa manispaa, Müzeyyen na paka wake, kikao cha ngazini, baiskeli ya Cevdet. Akafika pagumu, akasita, halafu akajikaza. "Na siku ile ya duka la kufuli, mama. Nilikupata kwa sababu yake. Bila yeye nisingekuona. Mimi kila siku nakaa hapa namtazama yeye ili nijue wewe uko wapi. Nisamehe. Hatukutaka ujue kwamba tunajua."

Mkono wa bibi wenye tasbihi ulitulia juu ya meza.

"Kumbe mlikuwa mnanificha," alisema. "Nami nilikuwa nawaficha nyinyi." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na sauti. "Unadhani sijui? Siku ile njia ilinitoka kichwani, mkwe. Iliondoka kama mtu aliyezima taa. Sikujua niko mji gani. Nikasema, nisilie, nisimwite mtu, wataniona mwendawazimu. Nikatazama ng'ambo, nikamwona yule amekaa. Nikasema, huyu simjui jina, lakini namjua. Maadamu amekaa, na mimi nikae. Atakuja mtu. Ukaja."

Sevim alikuwa analia, machozi yakidondokea mkate.

"Na jambo jingine nikwambie," bibi akaendelea. "Miaka yote hii napita na udhu wangu. Mumeo amenifanya nitie udhu upya kwa kunikasirisha mara ngapi? Watu sokoni wananikanyaga, wananimwagia chai. Huyu sijamwambia ila neno moja, na hilo moja amelishika. Hajanikaribia. Huyo hajui kusoma, hajui dini, ananilindia twahara yangu. Na mimi nimewahi kumshukuru? Nimemgongea fimbo tu." Akainuka, akishikilia meza. "Leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Mwite mumeo. Mwambie atoe madumu garini."

"Mama, utakubali kweli? Na ndani ya jengo?"

"Juu hapandi!" bibi alisema kwa ukali, akitafuta koti lake. "Na hanigusi. Hayo mawili yabaki pale pale. Twende."

*

Kituo kilikuwa nje ya mji, nyuma ya machimbo ya mawe, na kelele zake zilisikika kabla hujakiona. Bibi alikunja koti lake magotini, akasema yeye atasimama langoni. Rüstem alibaki naye. Sevim aliingia ndani na daktari wa mifugo, binti mdogo mwenye viatu vya mpira na macho mekundu ya usingizi.

"Wa manjano, mkubwa, mzee, kipini cha kijani," daktari alirudia. "Dada yangu, nusu ya waliomo humu ni hao."

Kweli walikuwa wengi. Sevim alipita safu moja, akapita ya pili, mbwa wakirukia waya, na kila wa manjano aliyemwona moyo ulimpiga kisha ukakataa. Mwishoni kabisa palikuwa na mmoja amelala, mgongo kwa watu, pua kwenye kona. Chakula chake hakikuguswa.

"Huyo tangu aletwe yuko hivyo," daktari alisema. "Hainuki, hali. Ndiye?"

"Nadhani. Sijui." Sevim alichuchumaa. "Duman? Duman, njoo mwanangu."

Sikio halikucheza.

"Somun!" Hakuna. "Limon! Limon!" Hakuna. Sevim akatazama huku na huku, akasimama wima, akapiga mguu chini na kupeleka mkono kwenye paji la uso. "Paşa!"

Daktari alimtazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo watu waliochanganyikiwa. "Dada, kama huna hakika siwezi kukupa. Kesho asubuhi gari linaondoka. Nikikupa asiye wako, wako ataondoka."

Sevim alishika waya. Hakuwa na hakika. Alimwona kila siku kutoka juu, toka ghorofa ya tatu. Hapa chini, kwa karibu, kila mgongo ulifanana na mwenzake. Ndipo akasikia ko, ko, ko, fimbo ikigonga saruji, na bibi Nazmiye akaja katikati ya safu zile mbili za mbwa, koti limekunjwa mpaka magotini, midomo ikisoma dua, Rüstem nyuma yake ameinua mikono kama mtu anayesema sikumruhusu mimi.

Bibi alifika mwisho wa safu. Alitazama ule mgongo. Akagonga fimbo.

"Hoşt!"

Masikio yakasimama. Mgongo ukainuka, miguu ya nyuma ikitetemeka, na mbwa akageuka, akamwona. Hakumkimbilia. Alivuka banda, akaenda mpaka waya wa upande wa pili, mbali naye kadiri banda lilivyoruhusu, akasimama pale akimtazama. Mkia wake ukaanza kupiga waya, ta, ta, ta, ukapiga bila kukoma.

"Ndiye," bibi alisema. Akasafisha koo kuliko Cevdet. "Ana adabu zake huyu. Mfungulieni."

Ofisini daktari alifungua kompyuta. "Mwenye mbwa ni mmoja tu. Akifanya kosa, huyo ndiye atakayeulizwa. Niandike nani?"

Rüstem na Sevim wakatazamana.

"Mimi," bibi akasema, akitoa kitambulisho kwenye leso. "Mlango ni wangu. Atakayeulizwa ni mimi."

"Na jina la mbwa?"

"Duman," Sevim aliwahi.

"Nilikusikia ukimwita Duman, hakuitika," bibi alisema. "Mwandike lile analoitikia."

Daktari alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa koti lake, kisha akaandika, na mpaka leo mbwa yule kwenye mtambo wa serikali anaitwa Hoşt.

*

Cevdet alisoma sahihi ya bibi Nazmiye, akaisoma tena, akaitazama kwenye mwanga. Halafu akaitoa baiskeli yake stoo mwenyewe, huku akisema yatarudi tu magurudumu, yatarudi. Yakup alileta mikate ya jana. Müzeyyen alishinda ndani kwa aibu, na jioni akatoka na blanketi la jeshi la marehemu mumewe, akalitandika stoo bila kumtazama mtu usoni. "Mlango wangu ndio wa karibu," alisema. "Akililia kitu mimi ndiye nitakayemsikia."

Ilibaki shida moja. Sheria inataka kamba. Kamba waliyopewa kituoni ilikuwa fupi, na bibi akiishika tu, mbwa alivuta kwenda ng'ambo mpaka karibu ajinyonge, na bibi alivuta koti kwenda upande wake. Rüstem akasema kwa adabu zote pengine mama amwachie Sevim ndiye amtembeze. Bibi hakumjibu hata kwa jicho.

Sevim alishuka na utepe wake wa kupimia, akapima barabara toka ukuta huu hadi ukuta ule, teksi zikimpigia honi. Akapanda juu, akatoa kitambaa kigumu cha kufungia mikoba, akaunga kipande kwa kipande mpaka roshani ikajaa mkanda mwekundu. Mwishoni akashona kitanzi cha mkono, akakipamba kwa uzi mweupe kama mikono ya nguo za harusi. Alikuwa akiimba bila kujijua.

Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, bibi alitia udhu, akavaa koti, akashuka. Müzeyyen alimfunga mbwa mkanda shingoni, bibi akavaa kitanzi mkononi. Fimbo ikagonga mawe. "Hoşt!" Mbwa akavuka. Mkanda ukajikunjua, ukanyooka, ukaikata barabara nzima kwa upana wake. Wakaanza kupanda mlima, huyu huku, yule kule, na utepe mwekundu katikati yao.

Teksi ikasimama. Nyuma yake pikipiki ya mpeleka chakula ikasimama. Kisha juu kwenye kona likatokea gari lile, lile lile, likaja chini, likafunga breki mbele ya mkanda. Sevim, juu roshanini, aliinuka kwenye cherehani.

Mzee wa masharubu alitoa kichwa dirishani. Aliutazama mkanda, akaufuata kwa macho mpaka kwa mbwa, akaufuata kurudi mpaka kwenye mkono wa bibi.

"Mama," aliuliza, "mbwa huyu ni wa nani?"

Bibi Nazmiye hakupunguza mwendo.

"Wangu," alisema.

Mzee wa masharubu alivua kofia. Akazima injini, akaegemea dirisha, akasubiri, na wote nyuma yake wakasubiri, wala hakuna aliyepiga honi, mpaka bibi na mbwa wake walipofika kwa Yakup. Kule juu Sevim alijifuta uso kwa kitambaa cha mteja. Alisema yale maneno yake ya heri ya kila siku, lakini safari hii kwa sauti, mpaka Müzeyyen chini akayasikia akaitikia amina. Kisha akarudi kushona.